Kung'oa Kayongo Shambani kwa Jirani

Somo: Mathayo 13:24–30, 36–43, Wagalatia 6:9



Hapa Bumula hakuna mkulima asiyejua kayongo. Maua yake ya zambarau yanapendeza, lakini ni mwizi. Mizizi yake inashika mizizi ya mahindi na kufyonza chakula huko chini. Siku unayoiona imechomoza, hasara kubwa imeshafanyika. Mmea mmoja ukiachwa ukomae unaweza kumwaga mbegu zaidi ya 50,000, ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hukaa udongoni hata miaka 10 zikingoja mahindi.

Jumamosi hizi tumekuwa tukiingia mashamba ya wajane na wazee wetu kung'oa kwa mkono. Kijana mmoja akaniuliza, "Pastor, kama mahindi ya mwaka huu yameshaharibika, tunafaidi nini?"

Mimi nilisomea biashara, swali hilo nalijua: ukiweka mtaji, unataka faida. Lakini hatung'oi kwa ajili ya mahindi haya. Tunang'oa kabla haijamwaga mbegu, ili mama huyu apate debe mbili tatu zaidi miaka ijayo. Pengine siku hiyo akivuna sisi hatutakuwepo. Paulo anatuambia tusichoke kutenda mema. Wakati wa kuvuna upo.

Mwingine akasema, "Si Yesu alisema magugu yaachwe mpaka mavuno?" Ndiyo, lakini soma mpaka anapoufafanua ule mfano. Magugu yale ni watu, na kuwahukumu watu si kazi yetu. Hakusema tuache njaa ikae kwa jirani. Watu tusiwang'oe. Kayongo tuing'oe! Amen?

Tena kuna furaha kule ambayo spika kubwa haziwezi kukupa. Hakuna anayekupigia makofi. Unainama, udongo una unyevu, unavuta polepole, shina linaachia. Mnaongea kidogo, mnanyamaza, moyo unatulia. Ukifika mwisho unageuka, unaona mstari uko safi. Baba aonaye sirini ameona, na hiyo inatosha.

Wapo wanaopanda desmodiamu katikati ya mahindi ili kuizuia, njia iliyofanyiwa utafiti na ICIPE kule Mbita. Ni njia nzuri. Lakini si kila mjane ana pesa ya mbegu, na mikono sote tunayo.

La kufanya wiki hii: Kayongo haijui mpaka. Mbegu zake husafiri na maji ya mvua, na jembe, na kwato za ng'ombe. Kama wewe na jirani hamsalimiani kwa sababu ya mpaka, nenda umwombe ruhusa mng'oe pamoja. Iliyotoa maua msiiache shambani, ichomeni.

Tuombe: Baba, tupe mikono isiyochoka na moyo usiodai malipo. Katika jina la Yesu, Amen.