Nani Ataongeza Tangi?

Huko Scottsdale, Marekani, shirika la Alcor huhifadhi maiti zilizogandishwa, likitumaini siku moja sayansi itawafufua. James Bedford, aliye humo, aligandishwa 1967. Wafanyakazi huwaita wagonjwa. Nitrojeni inayowagandisha, nyuzi 196 chini ya sufuri, huvukiza polepole. Lazima mtu apime tangi na kuongeza. Kule Chatsworth, California, miaka ya 1970, pesa ziliisha, matangi yakaachwa, miili ikaoza.

Tumaini letu ni Yesu, si nitrojeni. Lakini swali lao ni letu pia: utamtunzaje mtu asiyeweza kukuuliza? Yule wa kwenye tangi haoni likipungua. Mjane asiyejua kusoma naye haoni pesa za chama zikipungua. Mweka hazina mpendwa, uaminifu wako unapimwa hapo.