Haki ya Njia na Maana ya Mahali Kutembeleka

Kiswahili kinatofautisha kupitika, yaani hali ya njia kuruhusu mtu au chombo kuvuka, na kutembeleka, neno linalotokana na kutembelea, ambalo hubeba kwa pamoja mwendo wa miguu na kumjulia mtu hali nyumbani kwake. Katika kata ya Janga, jirani na Mlandizi wilayani Kibaha, sawa na katika vijiji vya Kisarawe, swali la masika huwa kama barabara inapitika. Lile la pili, kama mahali panatembeleka, ambalo ni zito zaidi, huulizwa kwa nadra.

Uislamu, dini ya Wazaramo wengi wa Pwani, umelijibu kwa kuitambua njia kuwa na haki yake. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaeleza kwamba Mtume Muhammad aliwakataza masahaba kukaa njiani, na walipomwambia kuwa hawana budi, aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Katika mafundisho hayo hakuna kipimo cha upana wala urefu; yote ni wajibu kwa mpitaji, hata asiyejulikana jina wala kwao.

Kwa mizani hiyo, ukaribu wa barabara hautoshi. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na Operesheni Vijiji ikawasogeza watu karibu na barabara ili shule, maji na zahanati viwafikie. Lakini kwa wengi mikorosho, minazi na makaburi ya wazee vilibaki mbali, hivyo aliyefikiwa na huduma akawa na mwendo mrefu zaidi wa kwenda shambani kwake na kuwazuru waliomzaa. Reli ya kisasa inayopita Soga, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, imezungushiwa uzio, na ni sawa, kwa kuwa treni ya kilomita 160 kwa saa haisubiri mvukaji. Hata hivyo, anayezunguka hadi kwenye kivuko ndiye anayelipa gharama ya kasi ya wengine, na kumhesabu ni suala la uadilifu kabla ya kuwa la uhandisi.

Wanaopima viwanja Janga leo, na wanaovinunua, waichore njia ya miguu kwenye ramani kabla ukuta wa kwanza haujasimama.