Ukungu Ulio Kati Yetu



Hivi karibuni wageni wawili, mtu na mkewe, waliegesha gari lao karibu nasi hapa Kurasini, wakiwa njiani kwenda Kigamboni kwa lile daraja lililofunguliwa mwaka 2016. Lilikuwa gari kubwa lenye kitanda na jiko. Ndiyo nyumba yao safarini. Dirisha lake moja lilijaa ukungu. Mama alilifuta kwa ndani, mumewe akalifuta kwa nje. Ukungu ukabaki pale pale, na kila mmoja akamwambia mwenziwe kwamba hajafuta vizuri.

Fundi vioo alipofika alicheka. "Mnajisumbua bure," akasema. "Ukungu hauko kwa mama wala kwa baba. Uko katikati."

Dirisha lile lina vioo viwili, na kati yake fremu nyembamba ya alumini. Ndani ya fremu mna chembe za kunyonya unyevu, kama zile za kipakiti tunachokikuta ndani ya boksi la viatu vipya. Kingo zote zimezibwa kwa gundi. Mchana hewa ya katikati hupata joto ikatanuka. Usiku hupoa ikasinyaa. Siku nenda siku rudi gundi huchoka, ukafunguka ufa usioonekana kwa macho, na unyevu wa pwani yetu ukaingia. Chembe hunyonya mpaka zikashiba. Ndipo ukungu huonekana.

Wapendwa, ugomvi nao huingia hivyo hivyo. Hauji kwa kishindo. Ni neno moja leo, salamu isiyoitikiwa kesho, nasi twanyamaza na kuvumilia mpaka uvumilivu unashiba. Kisha kila mmoja hufuta upande wake na kusema, "Mimi sina neno naye."

Sisi tunaoandika haya tulikuwa hivyo. Tulikosana na mzee mwenzetu, ambaye tulifundisha pamoja chuo cha ualimu, kwa sababu ya hesabu za mchango mmoja. Kwa muda wa miaka miwili tulipiga magoti pamoja mbele ya meza ya Bwana pasipo kuzungumza. Alipofiwa na mkewe tulimpelekea rambirambi kwa mkono wa mtu mwingine. Tulijua sana maneno ya Bwana wetu katika Mathayo 5:23-24, kwamba sadaka na ingoje kwanza, tukapatane na ndugu. Tuliyafundisha, lakini hatukuyatenda.

Fundi aling'oa dirisha, akakata gundi ya zamani, akatenganisha vioo, akaviosha na kuvikausha, akaweka chembe mpya. Wageni walimhimiza azibe upesi. Akakataa, maana wingu la mvua lilikuwa limetanda. "Nikiziba sasa," akasema, "nitaufungia unyevu humo humo." Akangoja hadi kesho yake, jua lilipowaka.

Kumbe na suluhu ya haraka, ya kupeana mikono tu ili watu waone, huufungia unyevu ndani. Sharti kwanza tufungue, tuseme yaliyotuumiza, tusikilize na yaliyomwumiza mwenzetu.

Jioni ile tulikwenda kwa mzee yule. Tulizungumza mpaka usiku, na haikuwa rahisi. Ametusamehe, nasi tumemsamehe. Lakini siku ya msiba wa mkewe haitarudi. Fundi alituonyesha pembeni mwa kioo madoa meupe yasiyotoka. "Maji yakikaa mno," alisema, "huacha alama."

Basi, ndugu, yuko nani ambaye ukungu umeingia kati yako naye? Usingoje madoa. Nenda kwake juma hili, kabla ya kuikaribia tena meza ya Bwana.

Ee Bwana, utupe unyenyekevu wa kutangulia kubisha hodi. Amina.