Mti Mwepesi na Jina la Mpingo

Tumezoea kusikia kwamba sifa ya uchongaji wa kusini mwa nchi yetu ni mpingo. Mtu akitaja kinyago, msikilizaji huona akilini mwake kitu cheusi, kizito, chenye kung'aa. Sina nia ya kuupunguzia mpingo heshima yake. Ninalotaka kulizungumza hapa ni swali dogo zaidi, lililonijia siku moja katika njia itokayo Nachingwea kwenda Ruangwa, nami tangu hapo sijaweza kuliacha: mchongaji anayechukua mti mweupe, mwepesi, akaupaka dawa ya viatu na kuuuza kwa jina la mpingo, amemkosea nani?

Nilikuwa nimepumzika barazani kwa mzee mmoja, fundi wa kuchonga, aliyekuwa akimfundisha kazi mjukuu wake. Asubuhi ile kijana alikuwa amemwuzia msafiri mmoja sanamu ya mwanamke aliyejitwika mtungi. Bei ilikuwa nzuri. Ingetosha sare ya shule na madaftari ya mdogo wake. Mzee akauliza sanamu ile ilikuwa ya mti gani.

"Msufi pori, babu."

"Na mgeni ulimwambia ni mti gani?"

Kijana akanyamaza, akawa anapangusa tezo ambayo haikuwa na vumbi.

"Basi umemwuzia jina, mjukuu wangu. Mti ameupata. Jina alilolilipia hakulipata."

Hapo mtu angeweza kufunga mjadala. Hadaa ni hadaa, na hii ni ya kijinga kwa kuwa haidumu. Meta moja ya ujazo ya mpingo mkavu ina uzito wa kilo 1,200 hivi, na kipande chake hutumbukia majini kama jiwe. Mti mwepesi huelea. Mgeni yule akikwaruza sanamu yake kidogo tu ataona weupe ndani. Lakini mimi naona jibu hilo ni fupi mno. Linamhukumu kijana bila kuuliza ni nani aliyemfundisha kwamba mti mweupe hauna thamani mpaka uvishwe rangi ya mwingine.

Hakufundishwa na mababu zake. Katika nchi hii ya Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, uchongaji ulikuwako kabla mpingo haujawa bidhaa ya dukani. Mapiko, yaani vinyago vya Wamakonde vya kuchezea ngoma wakati vijana watokapo jandoni, vilichongwa kwa mti mwepesi, na sababu yake ilikuwa ya kazi yenyewe. Mchezaji hana budi kuruka, kutetemeka na kugeuza kichwa ghafula, na hakuna shingo iwezayo kufanya hivyo ikiwa imebeba mpingo. Fundi alichagua mti wa jamii ya msufi, akauchimba ndani mpaka kuta zake zikawa nyembamba, akatoboa macho na kinywa, kisha akabandika nywele halisi za binadamu. Chale za uso alizitengeneza kwa nta ya nyuki iliyotiwa weusi. Karl Weule, Mjerumani aliyezunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, alikusanya vinyago vya huku na kuvipeleka Leipzig. Kwa hiyo uso wa mzimu, kitu kizito kuliko vyote katika maisha ya kijiji, ulikabidhiwa mti ulio mwepesi kuliko yote. Wadudu wakiula, ulichongwa mwingine. Kudumu hakukuwa kipimo cha ubora.

Ukuu wa mpingo sokoni ni mambo ya karibu zaidi. Wachongaji wengi wa Kimakonde walivuka Ruvuma wakitafuta kazi, na baadaye wakikimbia vita vya ukombozi wa Msumbiji vya 1964 hadi 1974, wakati Nachingwea yenyewe ilipokuwa na kambi kubwa ya mafunzo ya Frelimo. Dar es Salaam, katika miaka ya 1950, mfanyabiashara Mohamed Peera aliwatia moyo wachongaji na kununua kazi zao. Humo ndimo lilimong'ara jina la Samaki Likankoa, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa mashetani. Kazi hizo ni fahari yetu kwa haki kabisa. Hata hivyo mnunuzi kutoka mbali alijenga picha yake: Mwafrika wa kweli huchonga kitu cheusi. Nasi tukaipokea picha hiyo, tukaiita mila. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Ajabu ni kwamba hiki kimetutisha, hata kijana wa Ruangwa anaona haya kuonyesha rangi ya mti aliouchonga kwa mkono wake.

Yawezekana msomaji akapinga kwamba lipiko nalo lilikuwa udanganyifu, maana wanawake na watoto waliambiwa ni mzimu na si mtu. Pingamizi hilo si dogo. Jibu langu ni kwamba siri ya lipiko ilikuwa na mlango: mtoto wa kiume alikua, akaingia jandoni, akaonyeshwa. (Wanawake hawakuonyeshwa, na sitajaribu kulitetea hilo, ingawa nashuku kwamba wengi wao waliitambua miguu ya waume zao vizuri sana.) Nta nyeusi nayo ilikaa juu ya uso kama pambo, kila aliyekaribia akaiona kuwa nta. Dawa ya viatu haina mlango. Kazi yake humalizika pale tu asipokuwapo wa kuifichua.

Wala mti mwepesi si mti wa watu wasio na ufundi. Huko Ujerumani kuna mti uitwao Linde, jina lisilohusiana kwa lolote na Lindi yetu. Ni mweupe, laini, nyuzi zake ni sawasawa, na kisu huupita bila kuupasua. Kwa mti huo Tilman Riemenschneider alichonga madhabahu ya Rothenburg kati ya mwaka 1501 na 1505, mikunjo ya nguo na mishipa ya mikono ikionekana kama hai, naye akauacha bila kuufunika kwa rangi nyingi kama ilivyokuwa desturi. Msufi pori hauna ulaini wa namna hiyo. Nyuzi zake ni nene, na kona nyembamba hubonyea ukiishika vibaya. Ndiyo maana unadai patasi kali zaidi kuliko mpingo, na umbo pana, la wazi, lisilotegemea mapambo madogomadogo. Fundi anayeujua huukausha kivulini polepole, kwani jua la ghafula huupasua.

Na mpingo wenyewe umechoka. Mti mmoja huhitaji miaka 70 hadi 100, pengine zaidi, kufikia unene wa kuvunwa, na tunaugombania pamoja na watengenezaji wa zumari za Ulaya. Nachingwea imewahi kuona jinsi msitu unavyotazamwa na asiyeuhitaji: Waingereza walileta matingatinga ya mpango wa karanga, wakang'oa kila kilichosimama, na kufikia 1951 mpango wenyewe ulikuwa umekufa. Mchongaji hakati kwa kiasi hicho. Lakini akiamini kwamba hakuna mti mwingine wenye heshima, naye atautafuta mpingo mpaka ule mwembamba wa mwisho, ambao moyo wake mweusi haujazidi kidole, na sehemu yote iliyobaki ni nyeupe.

Nilimweleza mzee sehemu ya mawazo haya. Alisikiliza kwa adabu, kisha akamwambia mjukuu wake kwamba tangu siku ile asipake kitu, na mgeni akiuliza aambiwe msufi pori.

"Bei itashuka, babu," kijana akasema.

"Itashuka."

"Na madaftari?"

Mzee hakujibu upesi. Alichukua gogo jeupe lililokuwa kivulini, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalisikiliza, akampa. "Anza na hili," akasema. "La jana ulilifanya haraka kwa sababu ulijua utalifunika."