Dawa ya Manju

Wafugaji wa Kisukuma waliohamia Katavi na ng'ombe wao, wakatanda Mpimbwe na vijiji vinavyoizunguka Mpanda, hawakuiacha ngoma Mwanza wala Shinyanga. Walikuja nayo pamoja na uhasama wake wa jadi, ule wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyoshindana tangu karne ya 19, kila kimoja na mamanju wake na dawa zake. Mwanachama huingizwa kwa kuchanjwa, na samba, dawa ya kuvuta watazamaji, hutoka kwa manju aliyetangulia. Basi kama ushindi uwanjani huletwa na dawa, miaka ya kumfuata mwalimu ni ya nini? Na kama huletwa na mazoezi, mbona fundi aliyekwisha kuiva bado anasema amepewa? Naona madai haya mawili yanaishi pamoja bila ugomvi. Dawa haimfundishi mtu kupanga mashairi wala kumjibu mpinzani papo hapo. Kazi yake ni kutangaza kwamba mwenye ustadi ameupokea kwa mtu, na kwamba kuna anayeweza kumuuliza ameutumiaje.

Wairani wana desturi inayofanana na hiyo, bila chale. Muziki wao wa jadi umejengwa juu ya radif, mkusanyiko wa mamia ya vipande vifupi ambavyo mwanafunzi huvihifadhi kabla hajaruhusiwa kubuni chochote, navyo husemwa hupita kifua kwa kifua. Radif iliyotajwa zaidi ni ya Mirza Abdollah, aliyefariki 1918. Ilimfikia Nour-Ali Boroumand, ambaye alikuwa kipofu, kupitia mwanafunzi wa bwana huyo. Mwaka 1963 radif kubwa ilichapishwa Tehran kwa noti, na kanda nazo zikafuata. Walimu hawakufunga milango. Noti ilihifadhi sauti, lakini haikuweza kumwambia kijana kwamba pambo lile, zuri kama lilivyo, amelitia kabla ya wakati wake. Msomaji wa Qur'ani analijua hili pasipo kwenda Iran: msahafu anao mkononi, na bado hukaa mbele ya ustadhi anayemtazama midomo.

Muumini atasema nimekwepa jambo zito. Ijaza, idhini ambayo ustadhi humpa mwanafunzi aliyehitimu, inamrudisha mtu kwa Mungu, samba inampeleka kwa mganga, na kuziweka sahani moja ni kuficha shirki kwa maneno laini. Pingamizi hili lina uzito, wala sidai kwamba vyanzo hivyo ni sawa. Ninachosema ni kwamba anayekataa chanzo halazimiki kukataa mpango wa kupokezana. Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement aliingiza ngoma za Kisukuma kanisani, na sikukuu ya Ekaristi ikawa msimu wa Bulabo, ambapo Bagika na Bagalu hushindana mpaka leo. Kanisa lilibadili baraka, likauacha ushindani na mamanju wake.

Wapo pia wanaosema simu imemaliza kazi ya mwalimu, kwa kuwa kijana wa Mlele, huko huko Katavi, anaweza kurudia wimbo wa manju mara mia hadi aushike. Ataushika, kweli. Lakini simu haitamkatiza anapokosea, na asiyekatizwa hukomaa na kosa lake. Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine: lugha ya kupewa humpa mtoaji nguvu kupita kiasi. Manju anaweza kumchelewesha mwanafunzi kwa wivu, akamtumikisha shambani, kisha akaita hayo mafunzo. Katika hilo, uhasama wa Bagika na Bagalu unasaidia kuliko hekima yoyote ya wazee. Umati ndio unaoamua nani ameshinda kwa kuhamia upande wake, na kijana aliyenyimwa haki na bwana wake anaweza kuonekana uwanjani na kila mtu, bwana wake akiwemo.