Mpapai, Jasho na Haki ya Kumiliki

Mji wa Kamina katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu jimbo la Katanga lilipogawanywa mwaka 2015, ni njia panda ya reli ziendazo Lubumbashi, Ilebo na Kalemie, lakini sehemu ya mboga inayoliwa huko pamoja na bukari, yaani ugali, haisubiri treni: humea ndani ya lupango, kiwanja cha nyumba pamoja na ua wake. Humo hupandwa vitu visivyo na usumbufu, na wepesi wao ndio unaoibua swali la kale la falsafa na dini: kitu kilichokua karibu chenyewe ni cha nani, na kwa haki ipi?

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, alilijibu katika risala yake ya pili juu ya serikali, iliyotoka mwaka 1689. Mtu anapochanganya kazi ya mikono yake na kitu cha asili, alisema, kitu hicho huwa chake, mradi wengine wabakiziwe cha kuwatosha na kilicho kizuri vilevile. Tena alikadiria kwamba katika mazao ya ardhi yanayomfaa binadamu, sehemu tisa kwa kumi, pengine tisini na tisa kwa mia, hutokana na kazi. Hesabu hiyo huenda ikamfaa mkulima wa ngano aliyeng'oa visiki, akalima, akapalilia na kupura, lakini ikiletwa kwenye lupango la Kamina inayumba.

Mbegu za lengalenga, jina la mchicha katika Kiswahili cha Kongo, ni ndogo kiasi kwamba huchanganywa na mchanga au majivu makavu ili zisianguke fungu moja. Hunyunyizwa juu ya tuta lililolainishwa, zikafunikwa kwa udongo mwepesi, na baada ya wiki tatu hadi nne majani huwa tayari kuchumwa. Anayekata ncha badala ya kung'oa mizizi huliacha shina litoe matawi mapya, na mmea mmoja ukiachwa uchanue hudondosha maelfu ya mbegu, ambazo nyingine huota zenyewe mvua zinaporudi. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, hayadai hata mbegu: kipande cha marando kikifukiwa nusu katika udongo wenye unyevu hutoa mizizi ndani ya siku chache.

Mpapai unafundisha zaidi. Mingi huwa ama ya kiume ama ya kike, ingawa iko pia yenye jinsia zote mbili, na mpandaji hawezi kutambua kwa kutazama mbegu wala mche atapata upi. Kwa hiyo hupanda mbegu tatu au nne katika shimo moja na kungoja miezi kadhaa hadi maua yatokee, ule wa kiume ukining'iniza vishada virefu vya maua madogo, ule wa kike ukibeba maua makubwa yaliyoshikana na shina, ndipo aondoe asiouhitaji. Kazi yake ilikuwa kuchimba, kungoja na kuchagua, lakini jambo lililoamua kama papai litakuwapo lilitendeka mahali ambapo mkono wake haufiki.

Waluba wa Katanga, wenyeji wa eneo hili la Kamina, wana nafasi ya pekee katika mjadala huu. Placide Tempels, mmisionari Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyeishi miongoni mwao, alichapisha mwaka 1945 huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, akidai kwamba kwao kuwapo ni nguvu ya uhai yenyewe, na kwamba nguvu hizo zimepangwa kwa ngazi: Mungu juu, kisha wahenga, kisha watu walio hai, na chini yao wanyama, mimea na madini, vilivyowekwa ili kumwongezea binadamu nguvu. Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun na Paulin Hountondji wa Benin walimkosoa vikali, na Hountondji alikuwa na haki kukataa kwamba watu wote wa jamii moja wana falsafa moja wasiyoijua wenyewe. Hata hivyo, imo hoja moja isiyostahili kutupwa pamoja na mengine, nayo ni kwamba hakuna nguvu isimamayo peke yake. Kosa liko kwenye ngazi: anayekula lengalenga hupata nguvu kutoka kwa mmea ambao haukupata nguvu zake zote kwake, na kumtawaza juu ya kinachomlisha ni kugeuza utegemezi kuwa utawala.

Dini ziliuona utegemezi huo mapema. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mmoja hupanda na mwingine hutia maji, lakini ukuaji hutoka kwa Mungu. Kurani, katika sura ya 56, inawauliza watu kama ni wao wanaootesha wanachokipanda. Kutoka hapo huzaliwa wajibu. Kitabu cha Walawi kinamkataza mvunaji kumaliza pembe za shamba, ambazo ni fungu la maskini na mgeni, na hadithi ya Mtume Muhammad inahesabu kuwa sadaka kila kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama kutoka kwenye mti uliopandwa na Mwislamu. Sheria ya ardhi ya Kongo ya mwaka 1973 nayo, kwa sababu zake za kisiasa, inaifanya ardhi kuwa mali ya dola, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia tu.

Pingamizi zito ni kwamba fikra hizi zaweza kumpa kisingizio anayeruka ua usiku. Jibu ni kutenganisha haki mbili: haki ya kumzuia mwizi, ambayo mtunza bustani anayo kamili, kwa kuwa mwizi hakuchangia hata uangalizi, na haki ya kumnyima jirani mwenye shida, ambayo hupungua kadiri mmea ulivyojiotea. Kipimo chenyewe hubadilika na majira. Toka Mei hadi Septemba mvua hukatika Kamina, na lengalenga ya Agosti ni ya ndoo zilizobebwa kichwani asubuhi na jioni. Mama anayeiuza sokoni kwa bei ya jasho lake hadai zaidi ya haki yake. Mwezi Januari, tuta lilelile linapofurika majani kuliko nyumba iwezavyo kula, anayeyaacha yakomae na kunyauka huku jirani akipika bukari bila mboga hawezi kujitetea kwa jasho ambalo hakulimwaga.