Mfereji Masikioni

Hereni zangu za shaba zamani zilikuwa mifereji na makufuli. Fundi aliyeniuzia aliniambia hivyo kwa fahari: huviyeyusha, humimina kwenye kalibu ya mchanga, halafu husugua mpaka ving'ae. Nikazipenda papo hapo.

Sasa, kwenye ploti yetu hapa Langas, Eldoret, mfereji wa uani uling'olewa usiku, mara mbili. Jirani yangu akawa anabeba maji kutoka mbali, mtoto mgongoni. Asubuhi moja akaniangalia: "Dada, hizo zimekupendeza." Nikakosa hata asante.

Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma kuukuu baada ya milingoti ya stima kuharibiwa na nchi kuingia gizani. Mafundi waaminifu nao wakaumia. Kwa hivyo sisemi fundi wangu ni mwizi. Mifereji mingi hufa kifo chake.

Ila Cyrus Kabiru wa Nairobi hutengeneza miwani kwa vitu vilivyotupwa, na waya unabaki waya, unauona. Shaba ikishayeyuka haina pa kuulizwa. Na mimi, tuseme ukweli, sikuuliza kwa sababu nilizitaka.

Juzi nikarudi kumuuliza shaba yake hutoka wapi.

"Mimi hununua kwa kilo," akasema. Kisha akacheka. "Kwani wewe unga wa ugali huuliza ulitoka shamba la nani?"

Nilikuwa nimezivaa. Bado nazivaa, lakini nikifika uani huzifunika kwa leso.